Shemeji Asijue

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji kanichosha tena. Ni kaka wa mke wangu, seremala. Karakana yake inatazamana na kibanda changu cha kutengenezea saa, na kwa miaka kumi na tisa hajavuka barabara bila kuniuliza nitamwamini Mungu lini. Nikajibu kama kawaida: nikiletewa ushahidi, siku hiyo hiyo. Akasema niuombe mwenyewe. Wateja watatu walikuwa wametega masikio, nikaona nimtie adabu. Nikanyoosha kidole kwenye saa kubwa ya ukutani. Kasha tupu, mashine niliing'oa mwaka jana. Nikatangaza: kama Mungu yupo, kesho saa nne kamili hii igonge! Wateja wakaangua kicheko. Shemeji akaondoka zake. Ushindi mtamu.

Jumanne, 4 Juni

Imegonga.

Saa nne kamili. Na imegonga mara nne! Saa zote nilizowahi kushika hugonga kumi muda huo. Hii imehesabu kama tunavyohesabu sisi. Nikafungua kasha: utando wa buibui na skrubu moja. Nikaingia chini ya meza kutafuta waya, nikajigonga kichwa. Hakuna waya. Nikabaki nimekaa sakafuni. Mungu yupo! Machozi yakanitoka, wala si ya huzuni. Ni kama kuitwa jina langu na mtu ambaye sikudhani ananijua.

Kisha nikamwona shemeji ng'ambo, anapiga randa. Furaha ikanywea. Akijua, nimekwisha! Alipokuja kuuliza, nikamwambia haikugonga hata kidogo. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya baada ya kuamini ni kusema uongo.

Jumatano, 5 Juni

Nimeanza kusali. Stoo ya nyumbani, kati ya ngazi na baiskeli mbovu. Sijui taratibu, nikaanza na "Mheshimiwa". Nikanong'ona kwamba nakupenda, unisamehe kukuacha miaka yote hii, ila tafadhali iwe siri yetu, shemeji asijue. Nikafungua mlango. Mke wangu kasimama na ndoo. Akageuka akaenda zake jikoni. Mchuzi wa leo umetiwa chumvi ya kutosha watu kumi.

Alhamisi, 6 Juni

Kikao sebuleni. Mke wangu kamwita kaka yake. Shemeji akaniuliza, kwa sauti ya msibani, huyo mwanamke wa stoo ni nani. Nikapima haraka. Kipi kina aibu zaidi mbele ya shemeji, uzinzi au imani? Nikajibu ni mjane mmoja, mteja wangu.

Mke wangu akalia. Si kwa kelele. Alivua kitambaa cha kichwani akajifunika nacho uso. Hapo nikashindwa. Nikaungama yote: kasha, mara nne, stoo, Mheshimiwa. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Shemeji hakucheka. Akasema ni uongo mtupu. Mungu atampaje ishara mbishi kama mimi, wakati yeye anamwomba tangu utotoni na hajasikia hata mluzi? Nikamwambia hana imani. Mimi! Kumwambia yeye!

Ijumaa, 7 Juni

Nimekaa mbele ya kasha tangu asubuhi. Nimelibembeleza. Nimelifuta vumbi. Saa nne ikapita, kimya. Basi nimefunga mashine ndani na kuitega kwa kesho. Si udanganyifu. Mungu kishafanya kazi kubwa, mimi namsaidia marudio tu.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji alikuja, mke wangu pia. Saa ikagonga. Moja, mbili, tatu, nne. Shemeji akaanza kupiga magoti. Tano. Akaganda. Sita, saba... Ikaenda mpaka kumi, kama saa yoyote ile. Nilisahau! Fundi mzima!

Akafungua kasha, akatoa mashine inayonukia mafuta yangu. Nilitarajia anicheke. Akasema tu, taratibu, kwamba alitaka iwe kweli kuliko hata mimi. Nikajisikia mdogo kuliko ile skrubu. Nikamwomba radhi kwa moyo mmoja, nikamwapia kwamba ile ya Jumanne haikuwa na mkono wangu. Akasema mtu hajiaibishi hivi kwa ajili ya jambo la kubuni, hata mimi. Akaniambia kesho niende naye ibadani.

Jumapili, 9 Juni

Nimeenda. Mke wangu alinishika mkono njia nzima, mbele za watu! Bibi mmoja nisiyemjua akanikumbatia. Shemeji akanitengea nafasi mstari wa mbele, na akawaambia waumini kwamba huyu ni ndugu yake. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua kabla.

Kumbe shemeji ndiye kiongozi wa nyimbo. Ana sauti nzuri, inaudhi. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kwa kila kitu, kisha nikamwomba jambo moja dogo: shemeji akosee.

Ubeti wa pili, akakosea!

Ushahidi wa pili ndani ya wiki moja. Nimeshaandaa maombi ya wiki ijayo. La kwanza ni nafasi ya kuongoza nyimbo. Kuimba sijui, lakini hilo namwachia Mheshimiwa.