Supa ya Mama Mkwe Yapewa Kasi

Jumanne, 13 Januari

Siku ya ishirini na mbili bila Muzdalifa. Chai nimejipikia mwenyewe. Ina ladha ya sufuria.

Mke wangu yuko kwa mama yake, Mtunda, na chanzo ni kaa. Nilibadilisha cherehani yake na kaa wa kunenepesha kule Delta ya Rufiji. Mpango ulikuwa mzuri. Vizimba ndivyo vilivyokuwa vibovu. Kaa wote walirudi mikokoni, tena bila haraka, nawatazama. Muzdalifa hakugombana. Alikunja nguo zake, akasema kwa upole ulioniuma kuliko matusi kwamba siku nikimaliza jambo moja, moja tu, nimwite.

Leo mambo yamegeuka! Lori kubwa limeegesha uwanja wa maghala ya korosho hapa Kibiti. Mgongoni kontena jeupe. Ni watu wa chuo fulani, wamekuja na majaribio ya wiki mbili na zaidi. Bango lao: KIONGEZA KASI CHA CHEMBE. TEKNOLOJIA YA SUPAKONDAKTA. KOROSHO, NAFAKA, MAJI MACHAFU.

Nimelisoma mara tatu. Kiongeza kasi. Cha chembe. Supa! Nani katika Rufiji hii asiyejua supa ni mpunga gani? Na konda kazi yake ni kuhimiza watu waende. Basi maana iko wazi: ni mashine ya kuzihimiza chembe za supa. Mpunga wa miezi mitano utaiva kwa miwili. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Maelezo yalitolewa hata hivyo. Mkuu wao ni Dokta Safina, mwanamke mfupi mwenye miwani. Alizungumza nusu saa. Kwamba kuna chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na mashine inazikimbiza karibu na mwendo wa mwanga. Zikimgonga mdudu wa ghalani anakufa. Zikigonga uchafu wa kiwandani uliomo majini unasambaratika, bila dawa yoyote. Kwamba zamani mashine kama hii ilitaka jengo zima, ila siku hizi kuna chuma maalumu, kikipozwa kupita barafu kinapitisha umeme bila kuupoteza, ndiyo maana yote imeenea kwenye kontena.

Nilisikiliza kwa sikio moja. Niliuliza swali moja tu: kama humo ndani kuna baridi kiasi hicho, atanihifadhia samaki? Akasema hapana, papo hapo. Mwanamke mgumu.

Jumatano, 14 Januari

Mtunda. Nimevaa shati la Idi.

Mama mkwe, Bi Mwanasiti, hanigombezi. Adabu ya mkwe hairuhusu. Anamgombeza paka, mimi nikiwepo. Nilipotoa shikamoo aliitikia marahaba vizuri tu, kisha akamgeukia paka: "Wewe nawe, leo umekuja kutuuzia nini?" Paka alikuwa amelala. Na kanga aliyojifunga imeandikwa maneno ambayo sitayanakili hapa.

Mwanyumba wangu alikuwepo. Naye ni Mashaka, mume wa Ashura, mdogo wake Muzdalifa. Ana pawatila yake mwenyewe, kile kitrekta cha kusukuma kwa mikono, na haachi kuitaja. Yeye Mashaka, mimi Nassibu. Waliotupa majina walikosea mlango.

Lakini bahati! Bi Mwanasiti alikuwa anagawa mbegu. Madebe mawili ya supa, ndiyo mbegu yake yote ya msimu huu. Moja kwa Mashaka, moja kwangu. Kila mmoja aoteshe kitalu hapa hapa Mtunda, vikae sambamba, ili mwezi ujao miche ihamishiwe shambani kwake bondeni. Alimwambia paka kwamba asiyeweza kuotesha hata mpunga hawezi kufuga mke.

Nimeelewa. Kitalu kikiota, Muzdalifa anarudi.

Muzdalifa aliniletea maji ya kunywa. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula sana. Akaliangalia shati linavyoning'inia mabegani, akapokea kikombe, akaingia ndani. Nimemkumbuka. Nilitamani nimwambie hivyo. Badala yake nilimwambia kuna lori limekuja Kibiti.

Ijumaa, 16 Januari

Kwa nini niishie kuotesha tu? Mashaka naye ataotesha! Mimi nitamwacha mbali. Miche yangu itakuwa ya magotini wakati yake bado inafikiria.

Baada ya swala nimelipeleka debe langu uwanjani. Foleni ya watu wa korosho na michele yenye wadudu. Ukifika mezani unapewa fomu. MATUMIZI: CHAKULA au MBEGU. Chini, kwa wino mwekundu: MBEGU HAZIPOKELEWI.

Hapo ndipo nilipowashtukia. Kwa nini wakatae mbegu, kama si kwamba kwenye mbegu ndiko kwenye siri? Wakulima wote wa Rufiji wakivuna mara tatu kwa mwaka, nani atahangaika na wataalamu? Hawanipati.

Nikatia tiki kwenye CHAKULA. Nikaandika jina langu kamili. Nikasaini.

Dokta Safina mwenyewe aliuliza mbona mpunga wa kula umechambuliwa chembe kwa chembe namna ile. Nikamjibu kwamba kwetu tunakula kwa heshima. Aliandika kitu.

Debe langu likamwagwa kwenye mkanda, likaingia ukutani, likatokea upande wa pili. Muda wa kupiga chafya! Nilizishika chembe. Hazina joto, hazina harufu, na vidudu vyote chali. Nikaona kabisa jinsi zilivyochangamka.

Jumamosi, 17 Januari

Tumemwaga mbegu leo. Mashaka alikwishaloweka zake tangu juzi, akazifunika na gunia mpaka zikachomoza vijino vyeupe. Mambo ya kizamani. Mimi zangu nimezimwaga kavu. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia zangu zinajijua.

Mbele ya Ashura na Muzdalifa nimetangaza kwamba kufikia Jumatano kitalu changu kitakuwa kijani. Muzdalifa aliniuliza pembeni kama kuna kitu nimekifanya. Nikasema nimemuomba Mungu, na kweli nilimuomba. Alitabasamu kidogo. Ni tabasamu la kwanza tangu wale kaa.

Jumatano, 21 Januari

Kitalu cha Mashaka: kijani.

Kitalu changu: tope.

Nimeeleza kwamba kasi inaanzia chini, kwenye mizizi. Mashaka akasema loo. Simpendi anavyosema loo.

Ijumaa, 23 Januari

Tope. Mashaka miche yake inapepea. Anaipitia kila asubuhi mikono nyuma, mithili ya mkaguzi wa shule.

Nimewashuku ndege. Nimekaa na manati tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Hakutua hata mmoja. Hilo nalo limeniudhi, kwa nini hawazitaki mbegu zangu?

Kama si ndege ni mtu. Nimekwenda barazani kwa Bi Mwanasiti nikasema, kwa heshima zote, kwamba mwanyumba amemwaga chumvi kwenye kitalu changu. Mashaka akatoka na kikombe, akashuka kitaluni, akachota maji yangu, akayanywa yote mbele ya watu. Akajifuta mdomo. Akasema hayana chumvi, ila yana upweke.

Ashura alicheka mpaka akashika nguzo. Muzdalifa hakucheka. Ingekuwa heri angecheka.

Jumapili, 25 Januari

Nimefukua. Chembe zangu zimelala kwenye tope vile vile nilivyozimwaga. Nilipasua kumi, hakuna iliyokuwa hai ndani. Mashaka alikuwa ananitazama. Safari hii hakusema loo.

Nimekwenda Kibiti kwa Dokta Safina. Nilimwambia kuna jirani yangu mmoja, simtaji, amepitisha mbegu kwenye mashine. Alivua miwani. Akaniambia kwamba nguvu ile ile inayomuua mdudu inaua na kiini cha mbegu. Mpunga uliopita mle ni salama kabisa kwa kula, lakini hauoti tena, hata ukiusomea dua. Ndiyo maana ya wino mwekundu. Nikauliza chembe zinazoongezwa kasi basi ni zipi. Akasema elektroni. Nikauliza na supa je? Akavaa tena miwani. Kisha akafungua faili, akatoa fomu ya huyo jirani yangu, yenye jina langu kamili na saini.

Kwa kweli alinionea huruma. Alinipa soda.

Nilirudi Mtunda nikamweleza Bi Mwanasiti mwenyewe. Paka alikuwa palepale miguuni. Hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Nassibu," alisema. Miaka sita nimemuoa binti yake, hajawahi kuniita jina.

Hakupaza sauti. Akasema: "Mafuriko yalipotutoa bondeni, mama yangu aliacha vyungu, akaacha mkeka, akaacha kitanda. Hii mbegu aliifunga kwenye upindo wa kanga. Mimi nimeichambua kila mwaka tangu ameondoka. Wewe umeichukua Jumatano, Ijumaa imekufa."

Nilitamani amgeukie paka.

Jumanne, 27 Januari

Nusu ya shamba la Bi Mwanasiti halina miche. Nusu ya Mashaka itakua, atavuna, mbegu haitapotea kabisa. Lakini nusu shamba ni nusu ya mwaka wao wa kula, na ni mimi niliyeila.

Hukumu imetolewa, kupitia Ashura, maana Bi Mwanasiti hataki kunisemesha wala kumsemesha paka. Natengeneza matuta ya Mashaka, kwa jembe, yeye akipita na pawatila pembeni. Ananipigia honi. Sikujua kama pawatila ina honi. Ameifunga mwenyewe, kwa ajili yangu.

Mchana Muzdalifa aliniletea wali na kisamvu. Hakuondoka. Alikaa kwenye tuta akasubiri nimalize. Nikamwambia yale niliyoshindwa kuyasema siku ile: kwamba nyumba imekuwa kubwa mno, kwamba chai hainyweki, kwamba nilitaka kumwacha Mashaka mbali ili yeye asione haya kuwa mke wangu. Akasema hajawahi kuona haya kwa sababu ya Mashaka. Anaona haya ninapowahi kabla sijaelewa.

Kisha akaniambia jambo. Mama yake mkubwa, Bi Mwanaidi wa Mahege, aliwahi kupewa mbegu hii hii miaka ya nyuma, na bado anayo. Amekubali kutoa debe moja, la mwisho alilonalo. Mtu wa kulifuata anatakiwa. Mashaka amejitolea. Muzdalifa amekataa, amesema Nassibu ndiye atakayekwenda.

Kazi yenyewe: kulipokea debe Mahege, kulileta Mtunda. Basi! Nisiliongezee kitu, nisilipunguze kitu, nisiwe na wazo lolote njiani. Nikilifikisha kama lilivyo, Jumamosi anafunga nguo zake, tunarudi nyumbani Kibiti.

Nimeapa. Nimelia kidogo pia, nikasingizia vumbi. Mashaka alipiga honi.

Alhamisi, 29 Januari

Nimelipokea debe salama. Bi Mwanaidi amelifunga kwa kitambaa na kamba, mafundo matatu. Amenishika mkono akasema hana jingine. Nimemwambia aondoe hofu, mimi ni mtu mzima.

Bodaboda nyuma, debe mapajani, nimelikumbatia muda wote. Nimesoma Ayatul Kursiy mara saba. Sikuwa na wazo lolote kutoka Mahege mpaka karibu na Kibiti.

Hapo nikapata moja. Dogo tu.

Mbegu zile hazikufa. Zilipitiliza! Dokta anasema kiini kimekufa, sawa, lakini kimekufa kwa nini? Kwa uzee. Humo ndani ziliota, zikakua, zikaiva, zikazeeka, zote kwa muda wa kupiga chafya. Ndiyo maana ndege hawakuzitaka, nani anakula mpunga mkongwe? Kosa langu lilikuwa mwendo. Nilizitia mwendo wa mwanga mbegu za Mtunda. Hata pawatila ina gia ya kwanza.

Ya kwanza tu. Muzdalifa atashangaa. Mama mkwe atasema na paka tena, safari hii kunisifu.

Kwenda Mtunda si lazima kupita uwanja wa maghala. Nimemwambia bodaboda apite. Lori bado lipo, linaondoka kesho. Dokta Safina amekwenda kula, mezani yupo fundi mwingine ambaye hanijui. Nimeshuka kuuliza tu kama mashine ina mwendo mdogo. Kuuliza si kupitisha.

Foleni ni fupi, watu watatu. Nimefungua fundo moja, mbegu zipate hewa.

Watu wawili.