Malalamiko ya Muuza Samaki Kuhusu Filamu Zenu za Baharini

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wote mnaofanya kazi hapo kituoni, hasa yule bwana mwenye sauti ya upole anayesimulia filamu za baharini, ambaye ndiye chanzo cha matatizo yangu yote.

Mimi ni muuza samaki, kibanda cha tatu kutoka lango la soko, mwaka wa kumi na tisa sasa. Televisheni niliiweka mwenyewe juu ya jokofu ili wateja wasichoke ninapoparua magamba. Mlipokuwa mkionyesha mpira hatukuwa na ugomvi. Lakini tangu mlete filamu hizi saa kumi na moja jioni, saa ambayo watu wanatoka kazini kutafuta kitoweo, nina malalamiko yafuatayo:

1. Mlionyesha pweza jike akilinda mayai yake miezi mingi bila kula chochote, mpaka akafa watoto walipotoka. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa ameshapokea pweza wake kwenye mfuko. Alinirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kichanga, akasema, "Pole sana." Mpaka leo sijui pole ile ilikuwa yangu au ya pweza.

2. Filamu hiyohiyo ilieleza kwamba pweza dume akishajamiiana hakawii kufa. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na jioni huja kibandani kutazama, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye mabuti, akasema, "Huyo ana adabu."

3. Wiki iliyofuata mkaleta kile kisamaki chenye kichwa kama cha farasi, ambacho dume ndiye anayebeba mimba. Mke wangu, anayenisaidia kibandani, ana mimba ya miezi minane. Aliacha kukata vitunguu, akanitazama tumboni, akasema, "Kumbe inawezekana." Tangu siku hiyo maji nachota mimi, nguo nafua mimi, na nikisema mgongo unaniuma naulizwa kama nilimwona yule kisamaki akilalamika.

4. Mkaja na uhifadhi. Msimulizi alisema samaki wachanga wasivuliwe, basi. Kesho yake mama mkwe, aliyekuwa fundi cherehani, alifika kibandani na utepe wake wa kupimia nguo shingoni. Anawapima samaki mmoja mmoja mbele za watu. "Huyu bado mtoto. Mama yake anajua yuko hapa?" Nilimweleza kwa heshima zote kwamba samaki huyo ameshakufa, kwa hiyo kumjua umri hakumsaidii. Akanijibu, "Atasaidika mwenzake." Wateja wawili walivua kofia.

5. Jirani yangu muuza nyama ananenepa. Watu wanatoka kwangu wakifuta machozi, wanaingia kwake, wananunua kilo mbilimbili kwa huzuni. Ndugu Mkuu, ng'ombe naye ana mama. Nani amekwenda kumpiga picha?

Kwa hiyo naomba haki itendeke. Nyuso za samaki zizibwe, kama mnavyoziba za watuhumiwa, ili mteja asije akamtambua mtu aliyemwona jana. Mtafute pia samaki wenye tabia mbaya, wale wanaokula mayai yao wenyewe, nao wapewe muda wa kutosha. Msimulizi abadilishwe, awekwe mwenye mafua. Na ng'ombe apewe filamu yake, saa kumi na moja hiyohiyo, akilinda ndama kwenye mvua. Kama hayo yote hayawezekani, basi bahari isionyeshwe kabisa mpaka mke wangu ajifungue.

Wasalimie wapiga mbizi na wapiga picha wote. Msimulizi mwambie simchukii, apumzike tu. Mke wangu anawasalimu. Mama mkwe anawasalimu zaidi.

Ni mimi, mwenye heshima na jokofu lililojaa,
Muuza samaki, kibanda cha tatu.

Nyongeza: Naandika haya nyuma ya bahasha kwa sababu barua nimeshaigundisha. Leo asubuhi mvuvi ameniletea kamba-koche hai, yule kamba mkubwa wa miambani, jike, tumbo lake lote limejaa mayai. Mpishi wa hoteli alikuwa ameshamwagiza. Nilinoa kisu. Nikakinoa tena. Mwishowe nilifunga kibanda, nikamtia kwenye ndoo ya maji ya bahari, tukampeleka kwenye miamba: mke wangu na tumbo lake akitangulia kutuonyesha pa kukanyaga, mama mkwe nyuma akinihimiza nisimtikise, na muuza nyama, ambaye hakuna aliyemwita, akinisaidia kushika ndoo. Tulipomwachia alirudi kinyumenyume chini ya jiwe, akapotea. Tulisimama pale maji yakiwa magotini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Mpishi nimemwambia alitoroka.