Vibao Sita vya Injinia Seecharan

Jumatatu, 8 Mei. Point Fortin.
Nimekwisha. Vibao sita vya chuma, vipya, vifupi kama rula iliyokatwa, vimeota kutu dirishani kwangu! Injinia Seecharan huvipima uzito, huvitumbukiza kwenye bomba la mafuta, huvitoa, huvipima tena. Uzito uliopungua humwambia bomba linaliwa kwa kasi gani. Kazi yangu ilikuwa kuvitunza pakavu tu. Nikaviweka dirishani, upande wa bahari, vipate hewa. Alinionya siku ya kwanza kwamba chumvi na jasho ni adui wa chuma. Niliandika. Nikapigia mstari.

Barua ya kunithibitisha kazini itasainiwa Jumatatu ijayo. Boodoo, karani wa meza ya pili, amepita akiangaza macho. Hajaona kitu. Nadhani.

Jumanne, 9 Mei.
Mpango! Shangazi Merle husugua vinara vyake vya shaba kwa ukwaju. Nimevibeba vibao nyumbani ndani ya mfuko wa mikate ya dengu, nikavisugua mpaka viking'aa kama vijiko vya harusi. Shangazi akauliza kama siku hizi kampuni inagawa vyombo vya kuosha nyumbani. Nikasema ndiyo. Akanisifu kwa bidii.

Jumatano, 10 Mei.
Vinang'aa, lakini vimepungua! Kila kimoja pungufu ya uzito ulioandikwa daftarini, kwa punje tatu za mchele. Na saa nane mchana Injinia anavipima mwenyewe, kisha vinaingia bombani kujaribu dawa mpya ya kuzuia kutu. Wakati wa chakula nikakimbia nyumbani kuchukua rangi ya kucha ya Shangazi, ile inayoonekana kama maji. Mpako mmoja, mizani. Mipako miwili, mizani. Wa tano, sawasawa! Boodoo akanikuta napuliza.

“Bwana karani,” akasema, “ukimaliza hivyo, mimi nina vidole kumi hapa.”

Nilicheka. Nilicheka mno.

Jumatatu, 15 Mei.
Vibao vimetolewa. Havikupoteza hata chembe! Meneja akataka kuagiza mapipa mia mbili ya dawa ile, kwa bomba linalopita nyuma ya soko. Soko analouzia Shangazi pilipili. Nilifungua kinywa niseme ukweli. Kilichotoka ni, “Hongera, bosi.”

Injinia peke yake hakufurahi. Alikigeuza kibao, akakikwaruza kwa ukucha. Kikabanduka kijingozi chembamba.

“Kijana,” akasema, “hii rangi na mimi naipaka. Ila mimi napaka kuchani.”

Nikakiri yote. Dirisha, ukwaju, mipako mitano. Nikakiri na lile ambalo hakuna aliyeuliza, yaani kalamu mbili nilizomwibia Boodoo. Boodoo alikuwa amesimama nyuma yangu.

Agizo la mapipa limefutwa. Injinia akasema kuwa bomba likipasuka halitauliza nani alikuwa anaogopa. Hakunifukuza. Barua yangu imeahirishwa, niko kwenye majaribio miezi mitatu zaidi. Boodoo amechukua kalamu zake, na moja yangu.

Jumanne, 16 Mei.
Asubuhi njema kabisa. Miezi mitatu ya kazi ya uhakika! Nani mwingine Point Fortin anajua atakuwa wapi mwezi Agosti?

Vibao vipya sita vimekuja kwenye kopo lenye kifuniko. Injinia ameniamuru nisiviguse kwa mkono, nisiviweke dirishani, nisivisugue, nisivipake kitu. Nimetii yote, neno kwa neno. Ila kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu kilichokuja ndani ya kopo kilipasuka nilipokuwa nakikagua, na chembe zote zimeingia chini ya kabati. Nikaona hakuna haja ya kumsumbua Injinia kwa jambo dogo hivi.

Shangazi huweka mchele kwenye kichupa cha chumvi ili chumvi isishike maji. Mchele hunyonya unyevu, kila mtu anajua. Nilifikiria kuchota wa gunia, lakini ule haujawahi kufanya kazi hiyo. Nikachukua wa kichupani, wenye uzoefu wa mwaka mzima. Nimeumimina juu ya vibao hadi vikafunikwa. Chumvi nayo imeingia, kama nusu kikombe. Haina neno.

Nimefunga kifuniko, nikabandika jina langu juu yake, waziwazi, Injinia ajue ni nani aliyevitunza.