Kibodi ya Mwalimu Dula

Korona ilipowarudisha watalii makwao, Lushoto nzima iliona njaa inakuja. Dula aliona wanafunzi. Wahudumu, wapishi na waongoza watalii walikuwa wamekaa vibarazani wakiambiana jambo moja: kazi zikirudi, atakayebaki ni anayejua kompyuta. Dula akalidaka. Kesho yake mlango wa mgahawa uliofungwa karibu na soko ulikuwa na tangazo: KOMPYUTA KWA WIKI SITA, CHETI HAPOHAPO. ADA NI DEBE LA VIAZI.

Tumtendee haki Dula: kompyuta alikuwa ameziona nyingi tu. Ila aliziona kwa nyuma, akiwa nje ya kaunta ya stationari anasubiri kutolewa kopi.

"Kompyuta zenyewe zipo Tanga," aliwatangazia wanafunzi kumi na wawili siku ya kwanza. "Zimewekwa karantini."

Badala yake akamgawia kila mmoja kipande cha boksi alichokichorea vitufe vya kibodi kwa kalamu. Swali lilipomzidi, alipandisha barakoa mpaka chini ya macho na kujibu kwa Kiingereza kisichosikika. Halafu akatoa sheria: yeye ni mwalimu, kwa hiyo akiingia apewe shikamoo na kila mtu.

Dula alikuwa na miaka ishirini na minane. Kati ya wanafunzi alikuwemo Bi Yunis, ambaye mtoto wake wa kwanza anamzidi Dula umri. Kwa watu wa milima hii, huo ni utovu wa adabu usio na jina. Lakini Bi Yunis alikuwa karani wa hoteli moja kule Irente kwa miaka kumi na tisa, na meneja wake, Bwana Silvano, alishasema wazi kwamba ofisini atabaki mtu mmoja tu, anayeweza kupokea wageni kwa mtandao. Nyumbani kuna wajukuu watatu wanaomtazama yeye.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, na ilimuuma kweli.

"Marahaba, binti," akajibu Dula.

Bi Yunis akakaa, akatazama boksi lake. Herufi zilipangwa A, B, C, D mpaka Z, kama ukutani kwa chekechea. Yeye amepiga taipureta tangu usichana wake. Alielewa palepale kwamba viazi vyake vimeliwa.

"Mwalimu, mbona herufi zimefuatana hivi?"

"Ulitaka zianze na nini? Q?"

Darasa zima likacheka. Bi Yunis alikuwa ameshashika mkoba wake aondoke, ndipo jirani yake akamvuta kanga. Alikuwa Ismaili, muongoza watalii, baba wa watoto wanne, mwenye simu kubwa na kidole kimoja kinachojua kuandika.

"Bi Yunis, wewe unajua kuchapa. Mimi barua pepe na mambo ya mtandao nayajua, wageni walinifundisha. Tubadilishane."

Bi Yunis akageuza boksi, akachora kibodi ya kweli upande wa pili. Wiki haikuisha, kila boksi lilikuwa na pande mbili. Dula, akiwa ameshiba chipsi za ada, alisinzia mbele ya darasa, na wanafunzi wakachapa na kutumiana barua pepe kwa zamu kwenye simu ya Ismaili. Mwalimu akikohoa, maboksi yote kumi na mawili yanageuzwa.

Wiki ya tano Bi Yunis akaomba cheti chake, akaeleza na nafasi anayoiombea.

"Hiyo ilishajaa," akasema Dula bila kupepesa. Kesho yake akamwita pembeni. "Mama yangu, hebu nichapie barua ya kazi pale stationari. Vidole vimechoka kwa kufundisha. Iwe ya Kiingereza, kizito kizito."

"Inakwenda kwa nani, mwalimu?"

"Kwa Silvano wa Irente."

Bi Yunis aliuma meno kwa hasira, lakini barakoa ilimsitiri. "Niseme nini?"

"Sema ukweli, nani anaijua kompyuta kuliko wote darasani!"

"Hilo nitaliandika."

Dula aliipokea barua, akaitikisia kichwa mstari kwa mstari, akasaini.

Huko Irente, Bwana Silvano alimkalisha mbele ya kompyuta. "Andika jina lako."

Dula akaitafuta D kwenye kitufe cha nne. Akakuta R. Akakuna kichwa. "Bosi, mashine yenu imechezewa. Fundi amerudishia vitufe ovyo."

Silvano akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe barua yako haikutia chumvi! Umeandika: 'Mimi Dula kompyuta siijui hata kidogo. Anayeijua kuliko wote darasani ni Bi Yunis. Naomba kazi apewe yeye.' Ndugu yangu, umepanda mlima wote huu kumpigia debe mwenzako? Sijawahi kuona mtu mwaminifu namna hii!"

Dula akapiga hesabu haraka. Akiikana barua, itabidi aseme alisaini asichokijua.

"Ndivyo nilivyolelewa," akajibu kwa sauti ndogo.

Bi Yunis akapata kazi yake. Jumamosi zilizofuata mgahawa ulifunguliwa tena, safari hii kukiwa na kompyuta ya kweli iliyoazimwa hotelini. Asubuhi moja mtu akasimama mlangoni na debe kichwani. Darasa zima likageuza shingo.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Dula.

"Marahaba, mwanangu. Weka viazi pale, chukua boksi. Leo tunaanza na Q."