Kuhusu Dakika Hamsini za Salamu Zisizomo katika Kanuni

Ndugu Mkuu wa Idara ya Hisabati,

Kwa heshima zote anazostahili mwenye ufunguo wa chumba cha mtihani, naleta malalamiko dhidi ya kanuni ya muda, umbali na mwendokasi. Kanuni hiyo imenikosesha mtihani wa Jumatatu, na bila mtihani huo sitapelekwa kufundisha darasa la sita muhula ujao.

1. Kutoka nyumbani hadi chuoni ni kilomita sita. Mimi hutembea kilomita nne kwa saa. Nilipiga hesabu nikapata dakika arobaini, nikatoka saa moja na dakika ishirini ili niwahi mtihani wa saa mbili. Nilifika saa mbili na dakika hamsini. Dakika hamsini hizo zilimezwa na nani?

2. Zilimezwa na utu. Njiani yupo fundi viatu, yupo muuza magazeti, na yupo shangazi yangu kibarazani kwake. Shangazi hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Huulizwa mgongo, huulizwa kuku, kisha naye huuliza naoa lini. Kanuni yenu imemtengea sekunde ngapi?

3. Tazameni kitabu chenu. Mwendesha baiskeli anatoka mji A saa mbili, anafika mji B saa tano. Hapati pancha. Hana kiu. Hamjui mtu. Tukimfundisha mtoto kwamba anayewahi ni yule asiyesalimia, kesho tusishangae akipita msibani bila kushika breki.

4. Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, hapo uliposimama mwendokasi wako ni sifuri," akafunga mlango. Huo ni ukandamizaji wenye desimali.

Hivyo nadai, kwa unyenyekevu usioyumba, nirudie mtihani, na kanuni isomeke: umbali gawanya kwa mwendokasi, jumlisha shangazi.

Nisalimieni msimamizi, katibu muhtasi, wahudumu wote wa idara, na yule wa baiskeli akishafika.

Wenu katika mapambano na katika hesabu,
Mwenyekiti wa Klabu ya Mdahalo,
Ualimu, Mwaka wa Pili

N.B. Mdogo wangu wa darasa la sita ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha. Anasema, "Kaka, umegawanya miguu juu kichwa chini. Sita kwa nne ni saa moja na nusu." Yaani nilitembea sawasawa na kanuni, na haikubaki hata dakika moja ya kumsalimia mtu. Shangazi, aliyekuja kunywa chai, ameafiki: Jumatatu nilimpita kibarazani macho mbele, kama mtu anayekwenda mji B.