Mgongo Uliopona Mapema

Jumapili, 12 Januari
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, usimsomee mtu hata neno moja. Hasa mtu wa jumuiya yetu.

Mgongo wangu umepona. Tangu kabla ya Krismasi.

Novemba uliuma kweli. Mimi ni karani. Nakaa mbele ya kompyuta kutwa, nikiogopa kukosea. Jumuiya ya Wakatoliki Watanzania hapa Columbus, Marekani, ikapanga zamu ya kumtazama mgonjwa. Kila Jumapili mtu huja kwangu, mtaa wa Linden, na uji au ndizi. Siku nyingine hakuna anayebisha hodi. Daktari akanishauri yoga. Nikaanza darasa mtaa wa Clintonville, Jumanne na Jumamosi. Nikapona. Sasa nani atakuja kumtazama mzima?

Leo zamu ya Anitha, katibu wetu, anayehudumia wazee. Nilijifunika blanketi. Akauliza, mgongo vipi, kaka Erasmus. Nikasema hivyo hivyo. Alikaa dakika arobaini. Alicheka mara mbili.

Jumanne, 14 Januari
Yoga. Mwalimu anasema kuvuta pumzi polepole kunatuliza moyo. Kweli. Zamani niliamka mara tatu kukagua jiko. Sasa nalala fofofo. Kwa bahati mbaya, na uso umenawiri.

Darasani hatuzungumzi. Siku ya kwanza nilipita mkeka hadi mkeka nikiwapa wote mkono, kama nyumbani. Wengine walikuwa wamefumba macho. Siku hizi wakiniona wanafumba mapema.

Alhamisi, 16 Januari
Medard wa jumuiya, dereva wa lori, amepiga simu. Analalamika kwamba mafua yake ya Desemba yalitazamwa na mtu mmoja, tena aliyepotea njia. Akauliza ni mgongo gani huu, haponi mtu wala hafi. Nikakohoa. Baadaye nikakumbuka mgongo haukohoi.

Shangazi Rozina naye kapiga kutoka Buffalo. Kasikia nimepooza. Nilikanusha, ila si sana.

Jumapili, 19 Januari
Balaa. Jumuiya nzima imekuja kuniombea. Watu kumi na mmoja, viti viwili. Mzee Ferdinandi, mwenyekiti, akasema tupige magoti, mgonjwa akae. Nikaona haya kukaa. Nikapiga magoti, nikakalia visigino, mgongo wima, kama tunavyofundishwa Clintonville.

Rozari nzima, na litania juu yake. Tendo la pili la rozari, watu wakaanza kuhamisha uzito goti hadi goti. La tatu, Mzee Ferdinandi akashika meza. Mimi nilistarehe, nikavuta pumzi, nikasahau kuugua. Mwisho nikainuka bila kushika kitu. Nikamsaidia mzee kusimama.

Medard akauliza mgonjwa hapa ni nani hasa. Mzee Ferdinandi akasema sala zimejibiwa, mwanangu. Vigelegele. Anitha akafungua orodha ya zamu, akalifuta jina langu. Akamwandika Medard, aliyekuwa bado sakafuni, kiuno kimegoma.

Wakamaliza ndizi, wakaondoka wakiimba.

Jumatano, 22 Januari
Anitha amenipigia. Bila zamu. Akasema kaka, mkao ule si wa kanisani, umejifunzia wapi? Anainua wazee siku nzima, kiuno kinamuua. Angependa nimpeleke.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: Jumamosi saa tatu, twende wote. Nikaogopa. Atauliza nilipona lini, kisha atazihesabu zile Jumapili. Nikasema ni nguvu ya sala tu. Akasema haya. Akasema haya tena, akakata.

Jumamosi, 25 Januari
Saa tatu kasoro, basi likafika Clintonville. Mlangoni pa darasa nikamwona Anitha, mkeka kwapani, anamshikilia Medard aliyekuwa anachechemea. Wanacheka. Amepatafuta mwenyewe.

Sikushuka. Nilienda hadi mwisho wa njia, nikarudi. Njiani nikafikiri vizuri. Mgongo umekwisha kazi. Goti bado. Mwenye goti bovu hapigishwi magoti, hapo ndipo nilipokosea. Nimenunua bandeji.

Nimewaandikia jumuiya hivi: Ndugu wapendwa, goti limenishika. Kwa atakayeguswa: Linden, jengo la matofali nyuma ya duka la matairi, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Kengele ni mbovu, gongeni kwa nguvu. Jumapili nipo kutwa. Siku za kazi, kuanzia saa kumi na moja jioni. Jumanne jioni tu msije. Nitakuwa nimelala, sitasikia.