Amri Niliyoibuni Imemuua Mzee Athmani

Jamani, leo nimeadhirika. Si kidogo. Ninaandika haya nimejifunika leso gubigubi, mama anagonga mlango kuniuliza kama nitakula, nami najifanya nimelala. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu, maana Junda nzima imeshajua, na kutoka Junda hadi hapa Changamwe habari haihitaji nauli.

Mnaijua kazi yangu. (Wale mnaosema "Rehema hutengeneza kompyuta", leo nyamazeni.) Ninaandika programu. Ofisi yetu ni ndogo, iko Port Reitz, juu ya duka la matairi, na kazi yetu kubwa ni programu moja inayotumiwa na maghala ya mizigo: kontena limeingia lini, limewekwa wapi, limetolewa na nani. Aliyeianzisha ni Mzee Athmani Bakari, peke yake, wakati mimi bado navaa sare za shule. Nilipoajiriwa alinikalisha kando yake akanifundisha kila kitu. "Mwanangu, andika polepole," alikuwa akiniambia. "Kompyuta haina haraka. Wenye haraka ni mabosi." Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Akaenda kupumzika kwake Junda, na kiti chake pale ofisini kikawa cha kuwekea mabegi.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo balaa lilipoanzia.

Ndani ya programu, mwandishi huwa anaacha maelezo kwa ajili ya binadamu mwenzake. Kompyuta yenyewe huyaruka. Lakini ipo zana inayopita humo, ikiokota maelezo yote na kuyageuza kurasa safi za kusoma, kama kitabu. Ili ijue hiki ni nini na kile ni nini, unaweka alama ya @ na mbele yake neno la amri. Kuna amri ya jina la mwandishi, kuna ya onyo, kuna ya mfano. Na ukitaka, zana inakuruhusu ubuni amri zako mwenyewe. (Ingekataza, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.)

Mteja wetu mkubwa, ghala moja la huku kwetu, aliomba kitabu hicho kiwe cha Kiswahili. Bosi wetu, Mutua, mtu wa bara, akanikabidhi mimi. "Wewe ni wa Pwani," akasema. "Hiki Kiswahili si ni chenu?" Nikavimba kichwa. Nikaanza kubuni. Onyo nikaliita @tahadhari. Mfano, @mfano. Kisha nikafika kwenye vile vipande vya zamani vya programu ambavyo havitumiki tena, vimeachwa humo tu kwa kuogopa kuvifuta. Ningeweza kuandika "kimeachwa" nikaendelea na maisha yangu. Lakini mimi huyo, bingwa wa lugha! Nikaandika @marehemu. Nikacheka peke yangu mpaka Mutua akaniuliza kuna nini.

Baada ya amri, unaeleza kipande kilikuwa cha nani na siku hizi kazi hiyo inafanywa na nani. Basi kila kipande cha zamani nikakiandikia hivi: @marehemu Athmani Bakari. Kazi yake sasa inafanywa na Rehema. Kwa sababu cha zamani aliandika yeye, na kipya nimeandika mimi. Kwangu lilikuwa wazi kama jua la saa saba.

Jana jioni nikaiendesha zana, ikatoa kitabu, nikamtumia mteja. Bila kukifungua. (Naam. Bila kukifungua. Tusonge mbele.)

Leo asubuhi naingia ofisini, namkuta Mutua amesimama katikati ya chumba, simu mkononi, macho chini.

"Rehema, keti kwanza."

"Kuna nini?"

"Mzee Athmani hatuko naye tena."

Nililia. Wallahi sikuuliza ameambiwa na nani. Mtu alipigwa na kiharusi, sasa amefariki, cha kuuliza ni nini? Mutua akapiga simu ya mzee ili azungumze na familia. Haipatikani. "Unaona?" akasema, kama kwamba simu nazo hufa na wenyewe. Akaandika kwenye kundi la ofisi na wateja: kwa masikitiko makubwa, na kadhalika. Pole zikamiminika. Wengine wakatuma picha za mishumaa.

"Nyinyi Waislamu mnazika upesi," akaniambia. "Twende sasa, tusikose mazishi."

Tukatoka na gari lake. Njiani akasimama, akashuka, akarudi amekumbatia shada la maua kubwa kuliko usukani, lina utepe mweupe ulioandikwa jina la mzee.

"Bosi, sisi hatuweki maua kaburini."

"Basi tutampa mjane."

Nikamwacha. Kila mtu hulia kwa desturi zake.

Tulifika Junda adhuhuri imeshaadhiniwa. Nje ya nyumba hakuna turubai. Hakuna viti. Hakuna wanaume waliosimama vikundi vikundi wakizungumza kwa sauti ya chini. Watu wenye akili timamu wangejiuliza. Sisi tukatazamana, Mutua akaninong'oneza, "Tumechelewa. Wameshazika." Nami nikazidi kulia.

Yeye akabaki barazani na maua yake. Mimi, kama ilivyo ada ya wanawake, nikazunguka nyuma nikaingilia uani. Nikamkuta Bi. Mwanakombo, mke wa mzee, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikajisemea: maskini, mshtuko. Nikamrukia shingoni.

"Bi. Mwanakombo! Ametuacha! Mzee wetu ametuacha!"

"Nani, mwanangu?"

"Mzee Athmani!"

Kifuu kikamponyoka. "Athmani wangu? Mbona katoka hapa sasa hivi kwenda kuswali?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Mtu aliyekufa asubuhi hawezi kwenda kuswali mchana. Lakini machozi yakishashika kasi hayafikirii. Nikamkumbatia zaidi, nikamwambia, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Basi kafia msikitini, Bi. Mwanakombo! Ni mwisho mwema!"

Bi. Mwanakombo akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Si ukelele wa kuigiza. Ulitoka chini ya tumbo. Majirani wakaja mbio, mmoja na upawa mkononi, mwingine na mtoto mgongoni. "Kuna nini?" "Mzee Athmani kafia msikitini!" Dakika hiyo hiyo mkeka ukatandikwa. Mmoja akaanza kumvua Bi. Mwanakombo bangili, kama avuliwavyo mjane. Mutua kule mbele aliposikia vilio akaona wakati wake umewadia, akaja uani polepole, kichwa kimeinama, shada amelinyanyua mbele ya kifua.

Kisha tukasikia bakora. Tok. Tok. Na mguu mmoja unaoburutwa.

Mzee Athmani akasimama kwenye mlango wa ua wake mwenyewe. Kanzu nyeupe, kofia, uso umekonda kuliko nilivyoukumbuka, mdomo umeshuka kidogo upande mmoja. Akatutazama sote.

"Mwamlilia nani?"

Jicho la mzee likatua kwangu, niliyekuwa nimekaa mkekani nimemshikilia mkewe.

"Rehema? Mwanangu, nani kafa?"

Nikafungua kinywa. "Shikamoo." (Ndicho kilichotoka. Shikamoo.)

"Marahaba. Nani kafa?"

Nikamtazama bosi wangu. Mzee naye akamgeukia. "Na maua haya?"

Mutua si mwongo, hilo nampa. "Ni... ni yako, mzee."

Mzee akasogea, akaushika utepe, akasoma jina lake mpaka mwisho. Bi. Mwanakombo akainuka. Nilidhani atakuja kunizaba kofi, na ningelipokea. Akaenda kwa mumewe, akampiga ngumi za kifua, mbili hivi, dhaifu, kisha akakamata kanzu yake kwa mikono miwili akalia upya. Kilio hicho kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Sote tukatazama chini.

Walipoketishwa wote wawili na kupewa maji, mzee akauliza, kwa upole kabisa, nani aliyetuambia. Mutua akatoa simu. "Ni meneja wa ghala, Bi. Fauzia. Aliniandikia asubuhi." Akausoma ujumbe kwa sauti: "Poleni sana kwa kuondokewa na Mzee Athmani. Nimeona kwenye kitabu cha programu mlichotutumia jana. Hongera kwa Rehema kushika nafasi yake."

Nikahisi baridi kuanzia unyayoni. Sisi tulio Pwani, baridi tunaijua wapi? Leo nimeijua.

"Kitabuni uliandika nini?" Mutua akaniuliza, polepole.

Basi ikabidi nieleze. Mbele ya majirani wote, ua mzima umenikodolea macho, nikaanza kueleza habari za maelezo ya programu, na alama ya @, na amri, na zana inayookota. Yule mwenye upawa akanikatiza. "Yaani wewe ndiye uliyemwandikia kuwa marehemu?"

"Si yeye, mama. Ni vipande vyake tu."

"Vipande vyake!" Akashika kifua.

Mzee Athmani akanyoosha mkono wa kulia, ule mzima. "Nipe nione."

Nikamfungulia kitabu kwenye simu yangu. Akaisogeza karibu na macho, akasoma. *Marehemu: Athmani Bakari. Kazi yake sasa inafanywa na Rehema.* Akashusha kwa kidole gumba. *Marehemu: Athmani Bakari.* Akashusha tena. Tena. Kwa kuwa programu nzima aliianzisha yeye, alikuwa amekufa karibu kila ukurasa. Nilikuwa nangoja acheke. Mzee huyu alikuwa mwepesi wa kucheka, ofisi nzima ilimjua kwa hilo. Hakucheka.

"Hii ya kupanga makontena kwa uzito," akasema, "niliiandika wiki aliyozaliwa binti yangu Salma. Nayo basi?"

"Basi, mzee. Maghala yamebadilika."

"Na ya risiti?"

"Nayo."

"Ya tarehe za kuingia meli?"

Nikainamisha kichwa.

"Imebaki ipi?"

Nikatazama mkeka. Ulikuwa mkeka mpya, wa miraba ya zambarau. Ningeweza kuuchora sasa hivi bila kuuona.

"Hamna?"

"Hamna, mzee."

Akanirudishia simu. "Hakuna aliyeniambia," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Bi. Mwanakombo alikuwa anazirudisha bangili zake mkononi, moja moja. Hakunyanyua uso. "Tangu augue twangoja japo mmoja wenu apite kumjulia hali," akasema. "Leo mwaja mbio. Na maua."

Mutua akakohoa. Mimi sikuwa hata na kikohozi.

Ndipo bosi akakumbuka lile kundi, ambako watu walikuwa bado wanatuma mishumaa. Akakaa kwenye kibao kilichokuwa karibu, akaandika upesi, kisha akausoma ujumbe wake ili mzee aukubali, akiwa ameshautuma tayari: "Ndugu wapendwa, napenda kuwajulisha kuwa marehemu yuko hai na anawasalimu."

Bi. Fauzia akajibu papo hapo: "Amina. Mazishi ni saa ngapi?"

Mzee Athmani akaomba asomewe tena jibu hilo. Akasomewa. Akaanza kutikisika mabega, kisha akacheka, kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki unamtii. Majirani wakaangua. Hata Bi. Mwanakombo, ingawa yeye alicheka huku akipangusa machozi kwa ncha ya leso. Mimi sikuthubutu. Nilipouliza mbona simu yake haikupatikana, mzee akaniambia stima imekatika tangu alfajiri, simu imezima kwa kukosa chaji. Hilo tu. Mtu mzima tukamzika kwa sababu ya stima.

Wakatulazimisha kula. Nazi nyingine ikavunjwa, maana ile ya kwanza ilikuwa mchangani, na wali ulipokuja nikaumeza kama dawa. Mzee akala kwa mkono wake wa kulia polepole, Mutua akimsogezea maji kila mara bila kuombwa. Maua yalibaki uani. Kuku alishaanza kuyadonoa.

Wakati wa kuondoka, mzee akanisindikiza hadi barazani kwa bakora yake.

"Hilo neno ulibadilishe," akasema.

"Niweke lipi, mzee?"

Akafikiri. "Weka mstaafu," akasema. "Mstaafu huenda mtu akakumbuka kupita kumwona."

Nikambusu mkono nikaingia garini, tukarudi Port Reitz. Nikakaa kwenye meza yangu, nikabadilisha kila mahali, nikaiendesha zana upya, na safari hii nikakisoma kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kukituma. Mutua akaondoa mabegi kwenye kile kiti cha mzee.

Kwa hiyo tafadhalini, mkikutana nami dukani msiniulize "wa msikitini hajambo?" Jumapili nakwenda Junda kumtazama. Mwenye hamu ya kunicheka tufuatane, tukacheke huko, na mwenyewe akiwepo.